Naushad Ali: mtunzi wa muziki wa sinema aliyeozwa kwa jina la fundi cherehani

Wapenzi wa sinema za Kihindi hawaishi kubishana. Huyu atasema kwamba hakuna muziki wa picha uliopata kuushinda ule wa Aan. Yule ataapa kwamba Mughal-e-Azam haina mfano. Na wa tatu atawacheka wote wawili na kuwauliza kama waliwahi kuisikiliza Mother India kwa masikio badala ya kuitazama kwa macho tu. Ubishi huo tumeuzoea barazani Mombasa, Lamu na Unguja.

Lakini haukukomea pwani. Watu wetu waliopanda bara kwa biashara, kwa kazi ya reli au ya serikali waliuchukua pamoja na mizigo yao. Walikwenda nao Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali katika Makueni, na hata Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sultani wa Unguja, Sayyid Hamoud bin Mohammed, aliyetawala tangu 1896 hadi 1902. Walifika nao Kitui pia, mji ambao wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani waliujua tangu zama za misafara ya miguu.

Miji hiyo haikuwa na majumba makubwa ya sinema kama ya Mombasa. Aliyetaka picha alingoja mpaka ashuke pwani au apande Nairobi. Kilichomfikia nyumbani ni sauti tu: santuri zilizouzwa madukani, na Idhaa ya Kihindustani ya Sauti ya Kenya. Kwa hiyo wengi waliujua muziki wa picha kabla ya kuiona picha yenyewe, na sikio lao likazoea kutofautisha fidla na sarangi, na kujua pahali okestra inapoingia na pahali inaponyamaza.

La kustaajabisha ni kwamba picha zote tatu tulizozitaja hapo juu, ambazo watu wanagombana kwa ajili yake, muziki wake ulitungwa na mtu mmoja. Naye ni marehemu Naushad Ali, Mwislamu wa Lucknow, ambaye maisha yake yanastahili kusimuliwa.

MTOTO WA KARANI

Naushad alizaliwa Lucknow, kaskazini ya Bara Hindi, tarehe 25 Desemba 1919. Babake, Wahid Ali, alikuwa karani wa mahakama, mtu wa heshima na mwenye kushika dini. Lucknow ulikuwa mji wa washairi wa Kiurdu na wa watu wenye adabu ya mazungumzo, lakini katika nyumba ya Wahid Ali muziki ulihesabiwa kuwa kazi ya watu duni, isiyomfaa mtoto wa ukoo.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Ni vijana wangapi miongoni mwetu waliojifunza udi au fidla kwa kujificha, wakiacha ala kwa jirani ili wazee wasizione?

Naushad naye alijificha. Kila mwaka alikuwa akienda kwenye mkusanyiko wa Dewa Sharif, karibu na Lucknow, kusikiliza waimbaji wa kawali. Pia aliajiriwa katika duka la vyombo vya muziki, kazi yake ikiwa ni kupangusa vumbi na kufungua mlango asubuhi. Husimuliwa kwamba siku moja mwenye duka alimkuta akipiga kinanda cha Kihindi kwa siri, na badala ya kumfukuza akampa kinanda kile kiwe chake.

Shule yake kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuwa jumba la sinema. Siku zile picha zilikuwa bubu. Mbele ya kitambaa waliketi wapigaji, wakatazama picha pamoja na watu na kupiga muziki wa kulingana nayo: farasi wakikimbia, tabla zinakwenda mbio, mama akilia, sarangi inalia naye. Kijana Naushad alilipa kiingilio cha viti vya mbele si kwa ajili ya picha tu, bali ili awe karibu na wapigaji hao. Hapo ndipo alipofahamu jambo ambalo alilishika umri wake wote, kwamba muziki wa sinema si pambo. Ni ulimi wa pili, unaosema yale ambayo mchezaji amenyamaza nayo.

Mwishowe babake alimwambia achague moja, nyumba au muziki. Akachagua muziki, na mwaka 1937, akiwa hajatimiza miaka 18, akatoroka kwenda Bombay.

NJIA YA MIAKA 15

Bombay haikumpokea kwa maua. Kwa muda alilala kando ya barabara mtaa wa Dadar, mkabala na jumba la sinema la Broadway, akitazama taa zake usiku. Alipata kazi ya kupiga piano katika okestra ya Ustad Jhande Khan kwa mshahara wa rupia 40 kwa mwezi, kisha akawa msaidizi wa mtunzi Khemchand Prakash, ambaye Naushad alimheshimu kama mwalimu wake mpaka mwisho.

Picha yake ya kwanza akiwa mtunzi peke yake, Prem Nagar, ilitoka 1940. Iliyomtoa katika umaskini ni Rattan, ya 1944. Nyimbo zake zilipigwa kila pembe ya Bara Hindi, zikavuka bahari.

Basi hapo kikatokea kisa ambacho mwenyewe alikisimulia mara nyingi. Wazee wake walimtafutia mchumba kwao Lucknow, lakini waliona haya kuwaambia wakwe kwamba kijana wao ni mtu wa muziki. Wakasema ni fundi cherehani. Siku ya harusi bwana harusi akapita njiani na shada zake, na bendi iliyokodiwa ikapiga nyimbo za Rattan. Wakwe waliokuwa wakifurahia nyimbo zile hawakujua kwamba mtungaji wake ndiye anayeoa, na yeye akanyamaza.

Kisa hiki kinachekesha, lakini ndani yake mna uchungu. Watu walipenda kazi ya mkono wake na wakamwonea haya mwenye mkono. Maisha ya Naushad baada ya hapo yalikuwa jitihada ya kuiondoa aibu ile, si kwa kugombana na wazee, bali kwa kuifanya kazi kwa heshima hata asiweze mtu kuidharau.

Mwaka 1952 picha ya Baiju Bawra ilifunguliwa katika jumba lile lile la Broadway. Mtu aliyelala upande wa pili wa barabara sasa alialikwa ndani kama bwana wa shughuli. Kuivuka barabara ile moja kulikuwa kumemchukua miaka 15.

FIDLA NA SARANGI

Katika Baiju Bawra alithubutu jambo ambalo wenye fedha waliliogopa: muziki wa kale wa raga, na waimbaji wa kale wenyewe, Ustad Amir Khan na D. V. Paluskar. Watu walisema umma hautavumilia. Umma ulijaa majumba. Mwaka 1954, tuzo za Filmfare zilipotolewa kwa mara ya kwanza, ya mtunzi bora ilikwenda kwake.

Tena katika picha hiyo mna wimbo wa ibada ya Kihindu ambao Wahindi wenyewe waliupenda mno. Na ulitungwa maneno na Shakeel Badayuni, ukatiwa muziki na Naushad, ukaimbwa na Mohammed Rafi, Waislamu wote watatu. Haya yalitendeka miaka michache tu baada ya 1947, nchi ilipogawanyika kwa damu na wasanii kadhaa Waislamu, Noor Jehan miongoni mwao, wakahamia Pakistan. Naushad alibaki.

Mwaka huo huo wa 1952 ilitoka Aan, ya rangi, iliyoongozwa na Mehboob Khan. Humo Naushad alikusanya wapigaji 100, idadi ambayo sinema ya Kihindi haikuizoea. Wengi wa wapigaji wa fidla, tarumbeta na piano katika studio za Bombay walikuwa Wagoa, watu ambao sisi wa Afrika Mashariki tunawafahamu vizuri kwa bendi zao; wao walisoma muziki katika karatasi kwa mtindo wa Kizungu. Wapigaji wa sitari, sarangi na tabla walikuwa masheikh wa kazi waliorithi kwa kusikia tu. Kuwaketisha chumba kimoja wapige pamoja bila mmoja kummeza mwenziwe ndio ufundi wenyewe. Okestra ya Naushad ni kubwa, lakini sauti yake ni ya Kihindi.

Mtu aliyezoea taarabu ya Mombasa atalielewa jambo hilo upesi. Sisi nasi tuliingiza fidla za Wazungu, tabla za Wahindi na mtindo wa Misri katika maneno ya Kiswahili, na marehemu Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alipendwa kwa tuni zake za Kihindi hali mashairi yake ni ya Kimvita halisi.

Kisha ikaja Mughal-e-Azam, ya 1960, kazi ya miaka mingi. Mtengenezaji wake, K. Asif, alikuwa mtu wa kumwaga mali. Alimlipa Ustad Bade Ghulam Ali Khan rupia 25,000 kwa wimbo mmoja, wakati ambapo waimbaji mashuhuri wa sinema walipata chini sana ya hapo. Husimuliwa kwamba alipokwenda nyumbani kwa Naushad alimtupia bunda la noti juu ya kinanda akidhani ndivyo mtu anavyoshawishiwa, na Naushad akakasirika, akazirusha nje. Hakuwa tajiri wa kuchezea fedha. Ila aliyewahi kuitwa fundi cherehani kwa aibu hakukubali kununuliwa kama kitambaa. Baadaye walipatana, na katika wimbo mmoja wa picha ile Rafi aliimba na watu 100 wakimwitikia.

PICHA INAYOIFAHAMU UKAMBANI

Lakini ukiuliza ni muziki gani wa Naushad unaomgusa zaidi mkazi wa Kitui au Makueni, jawabu halina budi kuwa Mother India, ya 1957. Picha hii, iliyoteuliwa kugombea tuzo ya Oscar, haina kasri wala wana wa wafalme. Ni habari za mwanamke wa kijijini, Radha, aliyechezwa na Nargis. Mumewe anapotea, deni la mkopeshaji halimaliziki, mvua inakataa na ikija inakuja kwa mafuriko, na yeye anavuta jembe la ng'ombe kwa mabega yake ili watoto wale.

Nani asiyeyafahamu haya katika Ukambani? Huko ndiko wanawake huchimba mchanga wa mto mkavu kutafuta ndoo ya maji, na kukusanyika katika mwethya, yaani kazi ya kusaidiana, wakakata matuta ya mashamba ili udongo usichukuliwe. Picha inaanza kwa mfereji mpya wa maji kufunguliwa na Radha akiwa mzee. Na aliyeona kijiji cha Makueni kikifurahia bwawa lake la mchanga kujaa maji haulizi kwa nini.

Naushad alifahamu kwamba ngano kama hiyo haitaki muziki wa kujionyesha. Alichukua tuni za wakulima wa jimbo la kwao, nyimbo za kulima, za mavuno na za sherehe, akaziweka katika vinywa vya waitikiaji wengi, na okestra kubwa akaitia nyuma yao iwabebe. Aan inaonyesha uwezo wa okestra, na Mughal-e-Azam inaonyesha fahari yake. Mother India inaonyesha huruma yake.

Wapo wasiokubali, nao wana hoja. Husema kwamba Naushad alijirudia, na kwamba Shankar na Jaikishan, waliotia muziki Awara ya 1951, walikuwa na uchangamfu alioukosa yeye. Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1960, ladha ilipogeukia midundo ya Kizungu, kazi zake zilipungua. Hakukubali kuigiza mtindo usio wake. Mtunzi mwenziwe, Ghulam Mohammed, alipofariki 1968 kabla ya Pakeezah kukamilika, Naushad ndiye aliyemalizia muziki wa kusindikiza picha ile, ikatoka 1972.

KABURI LISILO NA JENGO

Serikali ya India ilimpa tuzo ya Dadasaheb Phalke ya mwaka 1981, ambayo ndiyo kubwa katika sinema ya nchi ile, na nishani ya Padma Bhushan 1992. Picha yake ya mwisho, juu ya Taj Mahal, ilitoka 2005, naye ana miaka 85.

Alifariki Mumbai tarehe 5 Mei 2006, akazikwa katika makaburi ya Waislamu ya Juhu, alikozikwa pia Rafi. Mwaka 2010 majengo ya makaburi ya wasanii hao yalivunjwa ili ipatikane nafasi ya kuzika wengine. Wapenzi wengi walihuzunika. Lakini Mwislamu anajua kwamba ardhi ya makaburi ni ya wote, na kwamba maiti hahitaji jengo bali dua.

Ubishi wa barazani nao utaendelea, na uendelee, maana kila anayeshikilia picha yake anamsifu mtu yule yule. Aliyeozwa kwa jina la kazi isiyo yake leo hujulikana kwa kazi yake, toka Lucknow hadi Lamu, toka Lamu hadi Kitui. Mwenyezi Mungu amrehemu.