Eric Liddell: mkimbiaji aliyetumia nguvu zake kwa ajili ya wengine

Masomo: 1 Wakorintho 9:24-27, 1 Timotheo 4:7-8, Marko 2:23-28

Katika miji yetu ya mashariki tunaona watu wazima wengi wakikimbia mapema asubuhi. Wengine wameshauriwa na daktari kwa sababu ya shinikizo la damu au ugonjwa wa sukari. Wengine wanafuata kikundi cha mtaa. Ni jambo jema, lakini linaleta maswali kanisani. Mkristo wa miaka arobaini au hamsini anakimbia kwa ajili ya nini? Na kama kikundi kinakutana Jumapili saa ya ibada, afanye nini? Maisha ya Eric Liddell yanaweza kutusaidia. Wengi wanamjua kama kijana aliyekataa kukimbia siku ya Bwana. Hiyo ni nusu ya habari yake. Nusu ya pili, ya utu uzima wake, inatugusa hata zaidi.

Mwana wa wamisionari

Eric alizaliwa tarehe 16 Januari 1902 katika mji wa Tianjin, China. Wazazi wake walikuwa Waskoti, wakitumika huko chini ya London Missionary Society. Alipokuwa bado mtoto, yeye na kaka yake Rob waliachwa katika shule ya bweni Uingereza, na wazazi wakarudi kazini. Baadaye alisoma sayansi katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Hapo watu wakatambua mbio zake. Alicheza raga katika timu ya taifa ya Uskoti, kisha akaacha mchezo huo ili ashike riadha.

Mwaka wa 1923, katika mashindano ya Stoke-on-Trent, alisukumwa akaanguka nje ya njia muda mfupi baada ya kuanza. Wenzake walikuwa wamekwisha kumwacha mbali. Akasimama, akawafuata, akawapita wote, akaanguka tena mwishoni kwa uchovu.

Jumapili ya Paris

Mwaka wa 1924 Olimpiki ilifanyika Paris. Mbio yake kubwa ilikuwa ya mita 100. Miezi kadhaa kabla ya mashindano alijua kwamba mchujo wa mbio hiyo ungefanyika siku ya Jumapili, akaamua kutoshiriki. Aliacha pia mbio za kupokezana vijiti kwa sababu hiyo hiyo. Wengi walikasirika, wakaona kwamba anaisaliti nchi. Yeye hakugombana na mtu. Alijizoeza kwa mbio ya mita 400, ambayo haikuwa yake. Alipata medali ya shaba katika mita 200, na tarehe 11 Julai akashinda mita 400 kwa sekunde 47.6, rekodi mpya ya Olimpiki.

Angaliweza kubaki Uingereza na kuishi kwa sifa hiyo. Lakini mwaka uliofuata, akiwa na miaka 23, alirudi China kama mwalimu.

Kazi isiyopigiwa makofi

Kule Tianjin alifundisha sayansi katika shule ya misioni, akaongoza michezo na mafundisho ya Biblia. Mwaka wa 1932 aliwekewa mikono kuwa mchungaji. Mwaka wa 1934 alimwoa Florence Mackenzie, binti wa wamisionari kutoka Kanada, naye alikuwa muuguzi.

Mwaka wa 1937 vita kati ya Japani na China ilienea. Eric alikubali kuacha mji na kwenda Xiaochang, vijijini, mahali Rob alipokuwa daktari wa hospitali ya misioni. Alizunguka kwa baiskeli na kwa miguu kati ya vijiji vilivyochomwa, akipita vizuizi vya askari. Sisi wa mashariki mwa Kongo hatuhitaji kufafanuliwa maisha ya namna hiyo. Siku moja alikwenda na mkokoteni kumchukua majeruhi ambaye watu waliogopa kumhifadhi. Njiani akaambiwa kuna mwingine, aliyekatwa shingoni kwa upanga na kuachwa akidhaniwa amekufa. Akawabeba wote wawili mpaka hospitali. Wa kwanza alikufa. Yule wa upanga akapona. Alikuwa mchoraji, naye akamchorea Eric picha ya maua kuwa shukrani.

Mwaka wa 1941 hatari ilizidi. Eric alimpeleka Florence, mwenye mimba, pamoja na binti zao wawili, waende Kanada. Binti wa tatu alizaliwa huko. Baba yake hakumwona kamwe.

Ndani ya kambi

Mwezi wa Machi 1943 Wajapani walimpeleka Eric pamoja na wageni wengine katika kambi ya Weihsien, katika jimbo la Shandong. Watu zaidi ya elfu moja walisongamana humo, na chakula kilikuwa haba. Kulikuwa na watoto wengi wa shule ya bweni waliotenganishwa na wazazi wao. Yeye aliyekuwa amepita miaka arobaini, mbali na watoto wake mwenyewe, akawa kama mjomba wao. Aliamka kabla ya wengine, akawasha taa ya mafuta ya karanga, akasoma Biblia na kuomba. Kisha alifundisha, akabeba mizigo ya wazee, akapanga mashindano ya mbio na kukimbia mwenyewe.

Hapo Jumapili ilimjia tena. Hakukubali michezo siku hiyo. Vijana wakacheza hoki bila mwamuzi, mchezo ukaishia katika kupigana. Jumapili iliyofuata Eric alifika uwanjani, akawa mwamuzi wao. Mtu aliyeacha nafasi ya dhahabu kwa ajili ya Jumapili alisimama Jumapili katikati ya watoto ili wasiumizane. Je, aligeuka? Hapana. Paris alijinyima utukufu wake mwenyewe. Kambini alilinda watoto wa wengine. Bwana wetu alifundisha kwamba sabato iliwekwa kwa ajili ya mwanadamu.

Aliwafundisha pia kuwaombea askari waliowalinda, kufuatana na Mathayo 5. Katika baridi kali alimpa kijana mmoja viatu vyake vya kukimbilia, vilivyochakaa na kufungwa kwa kamba. Wakati ule kichwa kilikuwa kikimuuma sana. Wengi walidhani ni uchovu, kumbe ni uvimbe katika ubongo. Alikufa tarehe 21 Februari 1945, na miaka yake 43. Kambi ilikombolewa mwezi wa Agosti.

Tunajifunza nini?

Kwanza, mazoezi hayanunui miaka. Mkimbiaji mwenye nguvu kama huyu alikufa kijana. Paulo anamwambia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida ndogo. Ndogo, lakini ni faida. Mwili ni mali ya Bwana iliyowekwa mikononi mwetu, na wengi wetu wachungaji na wazee wa kanisa tunauchosha kwa kukaa, kula usiku na kutolala. Mwenye miaka 45 asianze kwa kushindana na vijana. Apimwe damu kwanza, atembee kwa haraka, kisha akimbie polepole akiwa bado anaweza kuongea. Nusu saa, siku tano kwa juma, inatosha. Kifua kikiuma, asimame na kumwona daktari.

Pili, kuhusu Jumapili: tusiwahukumu wanaokimbia, wala tusiache ibada. Kikundi kinaweza kukimbia Jumamosi, au kumaliza mapema kabla ya kengele. Lakini kila mmoja ajiulize kama anaiacha ibada kwa sababu ya upendo au kwa ajili ya nafsi yake.

Tatu, nguvu tunazopata asubuhi ziende wapi? Mama mgonjwa anahitaji kubebewa maji. Watoto katika kambi za waliohamishwa na vita wanahitaji mtu wa kuwachezesha na kuwafundisha. Eric alikimbia vizuri Paris kwa sekunde 47.6. Weihsien alikimbia karibu miaka miwili bila medali, akafika mwisho wake akiwa ametoa hata viatu.

Bwana atupe miguu yenye afya, na moyo wa kuitumia kwa jirani. Amina.