Daktari Richard Kandt, Mkaaji wa Shangi

Wasomaji wetu waliowahi kushika zamu kando ya mto Rusizi, pale unapochomoka katika ziwa Kivu kuelekea Tanganyika, wanafahamu kwamba alfajiri ya huko huanza na ndege kabla ya watu. Mnandi hukausha mbawa juu ya mwamba, njiwa huvuka ng'ambo bila kuulizwa hati, na kati ya Septemba na Aprili huwapo wageni pia: mbayuwayu na keremkerem wa Ulaya, ambao hufuata bonde la ufa wakikimbia baridi ya kwao. Leo twamsimulia mtu aliyejenga nyumba katika pembe hiyo ya Rwanda zaidi ya karne moja iliyopita, akawatazama viumbe wake kwa makini. Kutazama kwake kulizaa mambo mazito kuliko ndege.

Richard Kandt alizaliwa tarehe 17 Desemba 1867 katika mji wa Posen, ambao zama hizo ulikuwa chini ya Wajerumani. Ukoo wake ulikuwa wa Kiyahudi, na jina lao lilikuwa Kantorowicz. Kandt ni jina alilojichagulia ukubwani. Alisomea udaktari, akawatibu wagonjwa wa akili huko Bayreuth, kisha akaiacha kazi hiyo kwa ajili ya swali moja: mto Nile huanzia wapi hasa? Mwaka 1897 aliondoka pwani ya Bagamoyo na msafara wa wapagazi, akapitia Tabora, na mwaka 1898 akaingia Rwanda. Katika baraza ya mfalme ilikuwa desturi siku hizo kumkalisha mtu mzima mbele ya wageni badala ya mfalme kijana, Yuhi Musinga. Twaona hiyo ilikuwa hadhari njema ya kivita. Mwaka huo huo Kandt aliufuata mto Rukarara hadi katika msitu wa Nyungwe, akatangaza kwamba chemchemi aliyoikuta humo ndiyo mwanzo wa Nile.

Alipotoka msituni akashuka Kivu. Mwaka 1899 alijenga nyumba Shangi, juu ya maji ya ziwa, katika nchi iliyokuja kuitwa Cyangugu. Akaipa jina la Kijerumani lenye maana ya amani ya mlimani. Jina zuri, ila mahali penyewe hapakuwa na amani. Miaka mitatu tu kabla yake, mwaka 1896, jeshi la Rwanda lilipambana hapo Shangi na kikosi cha Dola Huru ya Kongo, na mikuki ikashindwa na bunduki. Bisangwa, mmoja wa majemadari mashuhuri wa marehemu Rwabugiri, alianguka katika vita hivyo. Nao Wajerumani na Wabelgiji walikuwa wakigombania ziwa zima, wakitazamana ng'ambo na ng'ambo ya Rusizi, hata mpaka ulipokatwa mwaka 1910.

Katika nchi ya namna hiyo daktari huyu alikaa akipima, akiandika na kukusanya. Alizunguka ziwa na kuchora ramani yake. Ndege walioangushwa walichunwa, ngozi zikatiwa dawa zisioze, kila moja ikafungiwa kijikaratasi cha mahali na tarehe, kisha zikabebwa vichwani mwa watu mpaka pwani na kupakiwa melini. Huko Berlin, mwaka 1902, mtaalamu Anton Reichenow alimkuta miongoni mwa mizigo hiyo ndege mdogo mla mbegu za nyasi, mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijivu na wekundu kiunoni, akamwita kwa jina la Kandt. Mwaka 1905 kima wa dhahabu wa milima ya Virunga naye akapewa jina hilo. Wawindaji na wapagazi waliozifikisha ngozi hizo majina yao hayakuandikwa kwa kiumbe chochote.

Askari hahitaji kuelezwa kwamba anayeijua nchi amekwisha kuishika nusu. Kandt alijifunza lugha, akajua njia, vivuko, na nani anamwogopa nani katika baraza ya mfalme. Serikali yake ilipotafuta mtu wa kuiweka Rwanda chini ya ulinzi bila gharama kubwa, haikumtafuta mbali. Mwaka 1907 aliteuliwa kuwa Mkazi, yaani mwakilishi wa Ujerumani kwa mfalme, akaanzisha kituo chake Kigali, ambacho leo ni mji mkuu. Alipendelea kutawala kwa maneno, kupitia kwa Musinga, na twakiri kwamba alikuwa mpole kuliko wengi wa wenzake. Lakini upole huo ulisimama juu ya bunduki. Mnamo Aprili 1912, Luteni Gudowius akikaimu nafasi yake, Ndungutse aliyekuwa ameongoza uasi wa kaskazini aliuawa, na vijiji vikachomwa moto. Ofisi iliyofanya hayo ndiyo ile aliyoijenga mpenda ndege wa Shangi.

Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914 Kandt alikuwa kwao Ujerumani, na mahali pake Kigali palishikwa na Kapteni Wintgens. Mwezi wa Septemba Wintgens alivuka maji ya Kivu akateka kisiwa cha Idjwi. Mwaka 1916 Wabelgiji wakaja kwa nguvu, na mwezi wa Mei Kigali ikawa mikononi mwao. Kandt hakuiona Rwanda tena. Alitumikia jeshi kama daktari katika medani ya mashariki mwa Ulaya, akavuta hewa ya sumu, silaha mpya ya vita ile, na tarehe 29 Aprili 1918 akafariki katika hospitali ya kijeshi mjini Nürnberg akiwa na umri wa miaka 50. Alizikwa huko huko. Nyumba yake ya Kigali sasa ni makumbusho. Na yule ndege mdogo mwenye kiuno chekundu bado hutua juu ya nyasi za milimani.