D. W. Griffith

David Wark Griffith (22 Januari 1875 – 23 Julai 1948) alikuwa mwongozaji wa filamu kutoka nchini Marekani. Alizaliwa katika jimbo la Kentucky.

Katika filamu zake bubu alikuza mbinu ya kuonyesha kwa zamu matukio mawili yanayotokea wakati mmoja, pamoja na kupiga picha za nyuso kwa karibu.

Mwaka 1915 alitoa The Birth of a Nation. Mbinu hizo ziliwafanya watazamaji wengi kuwaogopa Wamarekani weusi na kuwashangilia Ku Klux Klan kama waokozi. Chama cha NAACP kilipinga filamu hiyo. Hata hivyo, mwaka huohuo Klan ilianzishwa upya, ikaitumia kuvutia wanachama.

Griffith alifariki mjini Los Angeles.