Jenerali Władysław Anders

Waliofika Tengeru karibu na Arusha huenda wameyaona makaburi ya Wapolandi. Ili kuelewa watu wale walifikaje huko, hatuna budi kumjua Jenerali Władysław Anders.

Alizaliwa tarehe 11 Agosti 1892, katika sehemu ya Polandi iliyotawaliwa na Urusi. Katika Vita Kuu ya Kwanza alipigana katika jeshi la Urusi. Polandi ilipopata uhuru mwaka 1918, aliitumikia nchi yake, akawa kamanda wa askari wapanda farasi.

Septemba 1939 Wajerumani waliivamia Polandi kutoka magharibi, na Warusi kutoka mashariki. Anders alijeruhiwa, akatekwa na Warusi, akafungwa karibu miaka miwili. Mwaka 1940 maelfu ya maofisa wenzake waliuawa kwa siri, na raia wengi, wanawake kwa watoto, walihamishwa kwa nguvu hadi Siberia na Kazakhstan.

Hitler alipoishambulia Urusi mwaka 1941, Anders alifunguliwa ili aunde jeshi la Wapolandi waliokuwa huko. Watu walimjia wamekonda kwa njaa, na pamoja na askari zikaja familia na yatima. Chakula cha jeshi hakikutosha hata askari wenyewe, lakini Anders hakukubali kuwaacha raia nyuma. Mwaka 1942 watu zaidi ya 110,000 walitoka Urusi kwenda Uajemi, wengi wao kwa meli kupitia Bahari ya Kaspi. Raia walikuwa kama 37,000. Maelfu yao waliletwa Afrika Mashariki, na Tengeru ikapokea karibu 5,000.

Jeshi lake lilipelekwa Italia. Tarehe 18 Mei 1944 Wapolandi waliteka Monte Cassino, mlima uliokuwa umewashinda wengine. Lakini Februari 1945, huko Yalta, wakubwa wa mataifa matatu walikubaliana kwamba mashariki ya Polandi iwe ya Urusi. Huko ndiko yalikokuwa makwao askari wengi wa Anders. Aliumia sana moyoni, lakini hakuliacha jeshi. Aprili waliingia Bologna.

Mwaka 1946 serikali ya kikomunisti ilimvua uraia. Aliishi London mpaka alipofariki tarehe 12 Mei 1970, akazikwa Monte Cassino kati ya askari wake. Uamuzi ule ulifutwa mwaka 1989, naye alikwisha lala kaburini miaka 19.

Nyumbani hakurudi kamwe. Lakini watoto aliokataa kuwaacha walikua, wakasoma, wakapata watoto wao. Tupitapo Tengeru tuyakumbuke hayo.