Kijana Aliyefeli Mwaka wa Kwanza



Katika ushirika huu wako akina mama na wazee ambao kila asubuhi, kabla ya chai, hujidunga sindano ya insulini. Wenye friji huiweka kwenye friji. Nyanya mmoja ninayemtembelea huihifadhi ndani ya chungu cha udongo, kwenye pembe yenye baridi. Bei yake wanaijua, siku ya kliniki wanaijua, lakini mtu aliyeanza kazi ya kuitafuta dawa hiyo wengi hawajawahi kumsikia. Nimeona nimweleze wiki hii kwa sababu vijana wetu walio vyuoni wamepata matokeo ya mwaka wa kwanza, na nimepokea wazazi ofisini wakiwa na karatasi za alama mkononi. Wengine wanasema mtoto alitaka udaktari, lakini kwa alama hizi basi, imeisha.

Frederick Banting alizaliwa tarehe 14 Novemba 1891 kwenye shamba karibu na mji mdogo wa Alliston, mkoa wa Ontario, Kanada. Alikuwa kitinda mimba katika watoto watano. Baba yake alikuwa mkulima, na nyumba ile ilikuwa ya Wamethodisti wa kweli, watu wa kanisa. Wazazi walitamani kijana wao awe mhubiri. Basi mwaka 1910 akaingia Victoria College, chuo cha Wamethodisti ndani ya Chuo Kikuu cha Toronto, asome masomo ya jumla.

Akafeli mwaka wa kwanza. Kifaransa ndicho kilichomwangusha.

Sasa hebu fikiria hiyo nyumba. Mtoto wa mkulima ametumwa mjini kwa karo ya shamba, kanisa la nyumbani linamsubiri arudi mhubiri, halafu anarudi na matokeo ya kufeli. Wazazi wa hapa hawahitaji kuelezwa hali hiyo. Na si kwamba alikuwa mjuzi aliyejificha ambaye walimu hawakumwona. Mambo ya vitabu yalimpa shida, hata tahajia ilimsumbua akiwa mtu mzima, daktari kamili.

Moyo wake ulikuwa kwenye udaktari. Mwaka 1912 akaandika ombi rasmi kwa chuo, aruhusiwe kuhamia kitivo cha tiba, na rekodi yake ikiwa vile vile ilivyokuwa. Wakamkubali. Ni lazima niseme ukweli hapa, maana sipendi kuwadanganya vijana: siku zile mlango wa shule ya tiba haukuwa na msongamano wa leo. Kwetu sasa, mwenye alama za chini anaweza kulazimika kurudia somo, au kupitia diploma kwanza halafu apande. Lakini hata wakati ule hakuna aliyemfuata Fred nyumbani kumwambia kwamba nafasi ipo. Ilibidi aandike hilo ombi.

Ushuhuda tunaoupenda sana kanisani ni wa yule aliyekuwa wa mwisho, Mungu akamgusa, akawa namba moja darasani. Banting hakuwa namba moja. Kule kwenye tiba alikuwa mwanafunzi wa kawaida tu, wa katikati. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914 alijaribu kujiunga na jeshi akakataliwa kwa sababu ya macho. Baadaye jeshi lilihitaji madaktari, darasa lao likaharakishwa, akamaliza Desemba 1916 na kuingia kazini mara moja. Mwaka 1918, karibu na Cambrai huko Ufaransa, alijeruhiwa mkono na bado akaendelea kuwatibu wenzake. Walimpa nishani ya Military Cross kwa ajili ya ujasiri huo.

Ungedhani mtu wa namna hiyo akirudi nyumbani milango inafunguka. Haikufunguka. Alifanya kazi kwa muda katika hospitali ya watoto huko Toronto, lakini nafasi ya kudumu hakupata. Julai 1920 akafungua kliniki yake katika mji wa London, ule wa Ontario, si wa Uingereza. Akakaa akingoja wagonjwa. Siku zikapita, wiki zikapita, mlango haugongwi. Mwezi mzima wa kwanza aliingiza dola 4. Daktari mpasuaji, mwenye nishani ya vita, dola 4!

Hapa huwa namkumbuka Yohana Marko. Kijana aliwaacha kina Paulo kule Pamfilia akarudi nyumbani, na safari ya pili ilipofika Paulo akakataa katakata kwenda naye. Rekodi yake ilikuwa mbaya, na Paulo hakuwa anamsingizia. Barnaba ndiye aliyemchukua, wakaenda Kipro. Miaka baadaye ni Paulo yule yule anayemwandikia Timotheo aje na Marko. Katikati pale Biblia inasema machache sana juu yake. Miaka ya katikati ndiyo huwa migumu kwa vijana wetu, kwa sababu haina ushuhuda wa kusimama nao mbele ya kanisa.

Kwa Banting miaka hiyo ilimfanya atafute kibarua cha kufundisha katika chuo cha pale mjini. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1920 alikuwa anaandaa somo la jinsi mwili unavyotumia sukari, jambo ambalo halikuwa taaluma yake. Akasoma makala ya daktari mmoja kuhusu kongosho, kile kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Usingizi ukakataa. Saa nane za usiku akaamka akaandika wazo lake kwenye daftari: kufunga mirija ya kongosho ya mbwa, kungoja sehemu inayotengeneza maji ya kusaga chakula ife, kisha kukamua kile kinachobaki, huenda ndicho kinachotawala sukari. Katika maandishi hayo jina la ugonjwa wa sukari alilikosea tahajia. Hata pale, wapendwa! Kama kliniki ingekuwa imejaa watu, sijui kama angekuwa na haja ya kuandaa somo hilo.

Alipeleka wazo kwa Profesa John Macleod, bingwa wa mambo ya sukari huko Toronto. Macleod alikuwa na mashaka, na kusema haki alikuwa na sababu: watu wenye elimu kubwa zaidi walishajaribu wakashindwa, na huyu kijana hakuwa amesoma hata kazi zao vizuri. Hata hivyo alimpa chumba cha maabara, mbwa wachache, na mwanafunzi wa kumsaidia, Charles Best, wa miaka 22. Walianza Mei 1921, joto la kiangazi likiwachoma. Mbwa wengi wa kwanza walikufa. Wakaendelea. Mwishoni mwa mwaka akaongezeka James Collip, mtaalamu wa kemia, wa kuisafisha ile dawa.

Siku zile mtoto akipata kisukari, madaktari walimpunguzia chakula karibu na kumshindisha njaa, ili aishi miezi kadhaa zaidi. Leonard Thompson alikuwa na miaka 14, amebaki mifupa. Tarehe 11 Januari 1922 akadungwa sindano ya kwanza. Haikumsaidia sana, dawa ilikuwa chafu bado. Collip akarudi kazini usiku na mchana, na tarehe 23 wakajaribu tena. Sukari ikashuka. Leonard akaishi miaka 13 zaidi.

Mwaka 1923 Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel. Banting alikasirika Best ameachwa, akamgawia nusu ya pesa zake. Macleod naye akagawana na Collip. Haki za ugunduzi ziliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kwa kila mmiliki, ili dawa isiwe ya matajiri. Sitaki mdhani alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za haraka, aligombana vibaya na Macleod na Collip, na ndoa yake ya kwanza ilivunjika. Wala mhubiri hakuwa kamwe, kama wazazi walivyoomba.

Alikufa Februari 1941, akiwa na miaka 49, ndege iliyokuwa ikimpeleka Uingereza ilipoanguka Newfoundland. Chuo Kikuu cha Toronto, kilekile kilichomwandika kwamba amefeli, kilikuwa kimemfanya profesa tangu mwaka 1923, na mwaka 1930 kikafungua jengo la utafiti lenye jina lake mlangoni.