George Darwin, msomi aliyepiga hesabu ya chimbuko la Mwezi

JINA la Darwin linapotajwa, wengi humkumbuka Charles, mwanasayansi wa Uingereza aliyezua mjadala mkubwa kwa nadharia yake ya mageuko ya viumbe. Ni wachache wanaofahamu kwamba mwanawe, George Howard Darwin, alikuwa miongoni mwa wasomi wa kwanza kutumia hesabu kutafuta Mwezi ulikotoka.

Jibu alilolitoa lilikuja kukataliwa. Hata hivyo, hesabu iliyomfikisha kwenye jibu hilo haikutupwa. Hadi leo, wataalamu wanaotumia kompyuta kuigiza migongano mikubwa iliyoziumba sayari za mawe hulazimika kuikabili hesabu hiyo kabla ya matokeo yao kuaminiwa.

George alizaliwa Julai 9, 1845, katika kijiji cha Downe, eneo la Kent. Alisoma Clapham, katika shule iliyoongozwa na Charles Pritchard, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa wa elimu ya nyota katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kutoka hapo alijiunga na Trinity College, Cambridge, na mnamo 1868 akaibuka wa pili katika mtihani mkuu wa hisabati uliowashindanisha vijana hodari kote Uingereza.

Licha ya ufanisi huo, hakuingia moja kwa moja katika sayansi. Alisomea sheria kwa miaka kadhaa, lakini maradhi ya tumbo yaliyomwandama yalimkatiza. Mwaka wa 1873 alirejea Cambridge, akaachana na sheria na kujitosa katika hisabati ya Dunia na anga.

Alirejea wakati familia yao ilikuwa na jambo zito la kuhangaikia. Mwanafizikia mashuhuri William Thomson, aliyekuja kujulikana kama Lord Kelvin, alikuwa amekadiria umri wa Dunia kwa kuangalia jinsi inavyopoteza joto. Mwaka wa 1862 alisema umri huo ni kati ya miaka milioni 20 na milioni 400, na baadaye akaupunguza hadi kati ya milioni 20 na 40.

Kwa Charles Darwin, takwimu hizo zilikuwa pigo. Nadharia yake ilihitaji muda mrefu mno ili viumbe vibadilike kidogo kidogo, na mzee huyo hakuwa na ujuzi wa hisabati wa kumjibu Thomson. Mwanawe alikuwa nao. Tatizo ni kwamba Thomson huyo huyo ndiye aliyekuwa mlezi wa George katika taaluma, aliyemtia moyo na kumfungulia milango. Kijana huyo akajikuta kati ya baba mzazi na baba wa kitaaluma.

George hakukimbilia malumbano. Alichagua suala moja alilokuwa amelitumia Thomson katika hoja zake, nalo ni kujaa na kupwa kwa maji ya bahari, akaamua kulichunguza hadi mwisho wake.

Wakazi wa Mwambao wa Afrika Mashariki wanajua vyema kwamba bamvua huja wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Chanzo kikuu cha maji kujaa na kupwa ni mvutano wa Mwezi, ambao huyainua maji, na kwa kiasi kidogo hata mwili wa Dunia wenyewe, ukafanya uvimbe. Kwa kuwa Dunia hujizungusha haraka kuliko Mwezi unavyoizunguka, uvimbe huo hutangulia kidogo mbele ya Mwezi.

Kutangulia huko kuna matokeo mawili. Uvimbe huuvuta Mwezi mbele na kuufanya upande kwenye njia iliyo mbali zaidi na Dunia. Mwezi nao huuvuta uvimbe nyuma, ukawa kama breki inayopunguza kasi ya Dunia. Hivyo basi, siku hurefuka na Mwezi huzidi kujitenga nasi, polepole mno.

Alichokifanya George ni kuigeuza hesabu hiyo irudi nyuma. Kama Mwezi unaenda mbali, alihoji, basi zamani ulikuwa karibu. Na kama siku inarefuka, basi zamani ilikuwa fupi. Katika makala aliyoyachapisha mwaka wa 1879 kupitia Royal Society, alirudi nyuma hatua kwa hatua hadi akafikia wakati ambapo siku ilikuwa ya takriban saa tano tu, na Mwezi ukiizunguka Dunia kwa muda kama huo huo, vitu hivyo viwili vikiwa karibu kugusana. Safari ya kutoka hapo hadi leo, alikadiria, ilihitaji zaidi ya miaka milioni 50.

Kazi hiyo yote ilifanywa kwa kalamu na karatasi. Mashine za kukokotoa kama tuzijuazo hazikuwepo, na kosa dogo katika ukurasa mmoja lingeweza kuharibu majuma ya jasho. Mwaka uo huo wa 1879, George alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Mzee Charles, aliyekiri kwamba hesabu hizo zilimpita kimo, alijivunia sana kazi ya mwanawe.

Swali lililobaki ni lile la mwanzo kabisa: ilikuwaje Dunia na Mwezi vikakaribiana kiasi hicho? George alipendekeza kwamba hapo awali vilikuwa kitu kimoja. Dunia changa, ikiwa majimaji kwa joto na ikizunguka kwa kasi, ilitikiswa na mvutano wa Jua kwa mpigo uliolingana na mtikisiko wake wa asili, mpaka kipande kikamegeka na kuwa Mwezi. Mwaka wa 1882, Osmond Fisher aliongeza kwamba Bahari ya Pasifiki ndiyo kovu la mahali kipande hicho kilipong'oka. Nadharia hiyo ilipendwa na kufundishwa kwa miongo mingi.

Charles Darwin alifariki mwaka huo huo wa 1882, saa ya Kelvin ikiwa bado inahesabu dhidi yake. Mnamo 1886, George alisimama mbele ya wanasayansi wa Uingereza na kueleza kwa heshima kwamba hoja za Kelvin hazikuwa na uhakika uliodaiwa. Mwaka wa 1903, baada ya kugunduliwa kwamba radiamu hutoa joto, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika kwamba nishati ya aina hiyo huenda ikarefusha umri wa Jua. Leo inajulikana kuwa Dunia ina takriban miaka bilioni 4.5. Muda ambao Charles aliuhitaji ulikuwepo, na zaidi.

Aidha, George hakuwa mtu wa nadharia tu. Mwaka wa 1883, mwaka ambao aliteuliwa kuwa Profesa wa Plumian wa elimu ya nyota huko Cambridge, alitayarisha ripoti iliyoonyesha namna ya kuyachambua maji ya bandari yoyote na kutabiri yatakavyojaa na kupwa. Alama zilizoenezwa na ripoti hiyo, kama vile M2 na K1, zingali zinatumiwa na watayarishaji wa majedwali ya bandari kote duniani, zikiwemo za Afrika Mashariki.

Mwaka wa 1884 alimwoa Maud du Puy kutoka Philadelphia, Marekani. Walilea watoto wanne, miongoni mwao Gwen Raverat, aliyepata sifa kwa sanaa ya kuchonga picha kwenye mbao, na Charles Galton Darwin, aliyekuwa mwanafizikia.

Bara la Afrika nalo lilimpokea. Mwaka wa 1905, akiwa rais wa Jumuiya ya Uingereza ya Maendeleo ya Sayansi, aliongoza mkutano wake uliofanyika Afrika Kusini, na hotuba yake akaigawa kati ya Cape Town na Johannesburg. Septemba 12 mwaka huo alifungua rasmi daraja la reli juu ya Mto Zambezi karibu na Maporomoko ya Victoria, ambalo leo linaziunganisha Zambia na Zimbabwe. Mwaka huo huo alitunukiwa cheo cha Sir.

Mwaka wa 1911 alipewa Nishani ya Copley, ambayo ni tuzo kuu ya Royal Society. Sir George aliaga dunia mjini Cambridge Desemba 7, 1912, kutokana na saratani, akiwa na umri wa miaka 67.

Baada ya kifo chake, nadharia ya kumegeka ilianza kuyumba. Mwaka wa 1930, Harold Jeffreys alionyesha kwamba msuguano ndani ya Dunia ungeuzima mtikisiko ule kabla haujafikia nguvu ya kung'oa chochote. Lakini pigo kubwa zaidi lilitoka ndani ya hesabu za George mwenyewe.

Mtu anayezunguka papo hapo akinyoosha mikono, kasi yake hupungua. Akiikunja, kasi huongezeka. Kasi hubadilika, ila kiasi cha mzunguko alicho nacho hakipotei. Dunia na Mwezi navyo vina kiasi chao, na George alikuwa amekifuatilia kama mhasibu afuatiliavyo fedha. Ukikirudisha chote ndani ya tufe moja, unapata siku ya saa nne hivi hadi tano. Ili Dunia imeguke, siku ilipaswa kuwa ya saa mbili na ushei tu. Akiba haikutosha.

Mnamo 1946, Reginald Daly, mwanajiolojia mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Harvard, alipendekeza kwamba Dunia iligongwa na kitu kikubwa kutoka nje. Hakuna aliyemsikiliza sana. Mambo yalibadilika baada ya safari za Apollo kati ya 1969 na 1972 kuleta kilo 382 za mawe na udongo wa Mwezi. Ilibainika kwamba Mwezi una chuma kidogo mno, ilhali mawe yake yanafanana kwa mengi na ya Dunia. Mwaka wa 1975, William Hartmann na Donald Davis walifufua wazo la mgongano. Mwaka uliofuata, Alastair Cameron na William Ward walifikia wazo hilo kwa njia nyingine: walikiangalia kile kiasi cha mzunguko na kuuliza ni kitu gani kingeweza kukileta. Jibu lao lilikuwa sayari yenye ukubwa kama wa Mihiri, iliyoigonga Dunia kwa ubavu.

Hapo ndipo kompyuta zilipoingia. Katikati ya miaka ya 1980, Willy Benz, Wayne Slattery na Cameron waliigiza mgongano huo kwa kuzigawanya sayari zote mbili kuwa chembe elfu chache, kila chembe ikiwa na uzito na joto lake, kisha kompyuta ikakokotoa jinsi zinavyovutana na kusukumana. Mnamo 2001, Robin Canup na Erik Asphaug walionyesha kwamba mgongano mmoja wa mshazari unaweza kuacha Dunia yenye ukubwa wa sasa, vifusi vya kutosha kuumba Mwezi wenye chuma kidogo, na kiasi cha mzunguko kinacholingana na kile tulicho nacho. Mwaka wa 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham walitumia hadi chembe milioni 100 na kupata kwamba huenda Mwezi uliumbika kwa muda wa saa chache.

Fumbo halijafumbuliwa lote. Mawe ya Mwezi yanafanana na ya Dunia kupita kiasi, ilhali katika maigizo mengi Mwezi hutokana zaidi na sayari iliyogonga. Mnamo 2012 yalitolewa mapendekezo ya migongano mikali zaidi ambayo huchanganya mawe vyema. Lakini migongano hiyo huacha mzunguko mwingi kupindukia, na wenye mapendekezo hayo walilazimika kueleza ziada ilikwenda wapi, wakitaja mvutano wa Jua.

Hivyo ndivyo kila kielelezo kipya kinavyorudi kwenye daftari la George Darwin. Aliyekosea kuhusu tukio ndiye aliyeacha mizani ya kulipimia. Vioo vilivyoachwa juu ya Mwezi tangu 1969 huakisi miali ya leza kutoka duniani, na vipimo vyake vinaonyesha kwamba Mwezi unajitenga nasi kwa sentimita 3.8 hivi kila mwaka, kuelekea upande ule ule aliousema msomi huyo.

Nyumba yake ya Newnham Grange, kando ya mto mjini Cambridge, sasa ni sehemu ya Darwin College, chuo kilichoanzishwa mwaka wa 1964 na kupewa jina la ukoo huo.