Karamojo Bell: Msee wa Bunduki Ndogo Aliyeangusha Ndovu Zaidi ya 1,000

Kama umewahi kukesha ukicheza PUBG, unajua mambo ya Kar98. Unaokota bunduki, unatafuta skopu ya 8x, unalala kwa nyasi, unamchapa mtu kichwa akiwa mlima wa pili. Game imeisha.

Sasa toa skopu. Toa pia huyo adui, weka ndovu dume wa tani 5 hatua 30 mbele yako, upepo umegeuka na masikio ameyafungua. Hapo ndipo story ya Walter Dalrymple Maitland Bell inapoanza kubamba. Dunia inamjua kama Karamojo Bell, na bunduki iliyompa jina ilikuwa ya ukoo mmoja na hiyo Kar98 yako: Mauser.

Bell alizaliwa 1880 Scotland, karibu na Edinburgh, kwa familia ya doh. Lakini doh haikumletea utulivu. Mathe alikufa jamaa akiwa bado mtoto mdogo sana, buda naye akafuata miaka michache baadaye, akabaki mikononi mwa mabro zake wakubwa. Shule ikamshinda kabisa. Alihepa, akarudishwa, akahepa tena, mpaka wakachoka naye wakamtupa kwa meli kama mwanagenzi akiwa na miaka 13. Sisi tulioacha chuo njiani hatuna neno la kumwambia.

Kichwani alikuwa na kitu kimoja tu, kuwinda ndovu Afrika. 1897 hivi akatua huku kwetu akiwa kijana wa miaka 17. Reli ya Uganda ilikuwa inajengwa kutoka Mombasa na simba walikuwa ngori kwa wafanyakazi, kwa hivyo akapewa kazi ya kuwapiga. Mwaka uliofuata, 1898, ndio wale simba wawili wa Tsavo walifanya reli isimame, hadi Patterson akawamaliza wote Desemba.

Bell alibeba bunduki ya .303 ya kupakia risasi moja moja. Shida ni kwamba kwa hili joto letu, ganda la risasi lilikuwa linakwama ndani baada ya kufyatua. Hebu jiweke hapo. Umepiga simba, hajafa, na wewe uko busy kuchokoa ganda na kucha. Nadhani hapo ndipo jamaa alichanuka kwamba bunduki nzuri kwanza ni ile inafanya kazi, mambo ya ukubwa yanakuja baadaye.

Akaenda Canada kwa ile fujo ya dhahabu ya Klondike, akawa anawinda nyama ya kuuzia wachimbaji, partner wake akahepa na pesa zote. Akaingia jeshini na kikosi cha Canada akapelekwa vita vya Maburu Afrika Kusini, akashikwa mateka, akatoroka. Hizo ni movie mbili nzima, lakini zinatuhusu kwa kitu kimoja tu. Maburu walikuwa wanawatwanga Waingereza na Mauser ya milimita 7. Risasi nyembamba, ndefu, inaenda moja kwa moja na inazama ndani sana.

Mwaka wa 1902 akarudi. Alijipanga Mumias, na usidhani ni Mumias ya sukari. Wakati huo ilikuwa kituo cha mwisho cha misafara, pale Waswahili wafanyabiashara wa pembe walikuwa wanajaza mizigo na wapagazi kabla ya kuingia kaskazini. Bell akaelekea Karamoja, ambayo leo ni Uganda, na ndiko jina la Karamojo lilitoka.

Sasa tuingie kwa bunduki, maana hapa ndipo wasee wa enzi hizo walimwona mwenda wazimu.

Wawindaji wazito walikuwa wanabeba mizinga. Kulikuwa na .577, risasi yake karibu gramu 48. Kulikuwa na .600, gramu 58, na bunduki yenyewe kilo 7 hivi. Ukifyatua hiyo kitu inakurudia kwa bega kama teke la punda. Bell akachukua Mauser iliyotoka duka la Rigby pale London, wao wakiiita .275, ambayo ni ile ile milimita 7 ya Maburu. Risasi yake ilikuwa gramu 11. Kumi na moja tu, dhidi ya mnyama wa kilo 5,000.

Maths yake ilikuwa hivi. Bunduki nzito inakufunza uoga. Ikikuumiza mara mbili tatu, mwili unakumbuka. Siku nyingine kabla hata risasi haijatoka ushafumba macho na kuvuta bega, na risasi inaenda kokote. Nyepesi haikuogofyi. Unaibeba mwenyewe siku nzima badala ya kumpa mtu, na ukikosea unapiga ya pili haraka. Tena ile gramu 11, ikiwa imefunikwa chuma yote, inapita mfupa wa kichwa ikifika ubongo. Isipofika ubongo, hata gramu 58 zitamkasirisha tu.

Ndio maana alikata fuvu la ndovu katikati na msumeno, akalisoma kama ramani. Ubongo wa ndovu ni mdogo ukilinganisha na hicho kichwa, na uko nyuma, chini kuliko unavyofikiria. Alisoma mpaka akajua kuupata akiwa mbele, ubavuni, hata akiwa nyuma kwa kona ndovu akienda zake. Hiyo ya nyuma wawindaji wanaiita kwa jina lake hadi leo.

Na skopu je? Zilikuwepo, Wajerumani walikuwa wanazitengeneza. Lakini skopu za wakati huo ziliingia ukungu unyevu ukizidi, na vishikizo vyake vililegea bunduki ikipiga kwa nguvu. Mzinga mzito unarudi nyuma na kila kitu kilichofungwa juu yake. Kama jicho lako liko sentimita 5 kutoka kioo, ule mduara wa chuma utakupasua nyusi na utatembea na alama ya mwezi mchanga juu ya jicho. Game haikuambiangi hiyo.

Hata leo mtu wa bunduki nzito anachagua skopu kwa njia ambayo mcheza game atashangaa. Kwanza anaangalia nafasi ya jicho, karibu sentimita 10 ama zaidi. Pili anataka ukuzaji mdogo, unaoanzia 1x. Ile 8x yako kwa hatua 30 itakuonyesha ngozi ya kijivu tupu, hujui kama ni bega, tumbo ama ni nyumba ya mtu. Tatu, vishikizo vigumu ambavyo havitacheza. Ile Mauser ya Bell ilikuwa na saiti za chuma tu, na kwa mbali aliokuwa akipigia, zilitosha.

Maana siri yake haikuwa kwa vifaa. Ilikuwa kwa miguu. Kuna mwaka alimaliza pea 24 za viatu. Na hakuwa peke yake, alikuwa na Pyjale, Mkaramojong aliyekuwa anasoma nyayo kama wewe unavyosoma status za ex wako. Bila Pyjale hakuna Karamojo Bell, na mnajua ni nani wa hao wawili alipewa jina kubwa.

Kama uko Chewele, ama una watu hapo Tana River, hii ya kukaribia ndovu kwa miguu si ngeni kwenu. Kiangazi kikikaza ndovu wanateremka mtoni hadi leo. Na kutoka Tana mpaka Galana, wazee wa Waata walikuwa wanafanya hii kitu kabla Bell hajazaliwa, bila bunduki kabisa. Upinde mgumu ambao mwanaume wa gym anaweza kuaibika nao, mshale wenye sumu ya mti, na kunyatia mpaka karibu kiasi cha kusikia tumbo la ndovu likinguruma. Kanuni zilikuwa zile zile: jua upepo, jua mwili wa mnyama, karibia, usitegemee nguvu.

Lakini ona venye mambo yaliisha. Bell aliwinda Karamoja, akapita hadi Lado, ile sehemu ya mpakani iliyokuwa ya Mfalme Leopold mpaka alipokufa 1909, akaenda hadi Afrika Magharibi. Jumla anahesabiwa ndovu 1,011, wengi wao kwa ile bunduki ndogo, na pembe zikauzwa kwa uzani. Akaandika kitabu 1923, akajenga jahazi la kifahari la mashindano. Waata nao, miaka ya 50 ilipofika, walisakwa ndani ya Tsavo kama majangili na wengi wakatupwa jela. Ndovu ni yule yule. Mimi namheshimu Bell kwa akili, lakini elfu moja ni wengi bana, na siwezi kuandika hiyo namba nikipiga makofi.

Vita ya kwanza ya dunia ilipolipuka akawa rubani, akaruka juu ya Tanganyika kutafuta Wajerumani, na inasemekana alipenda kuruka bila mtu wa pili, ati anamzibia kuona. Akapata nishani ya Military Cross. Akaoa, akatulia milimani Scotland, akawa anachora na kuandika. Alikufa 1954. Huku Kenya uwindaji ukapigwa marufuku 1977, na sheria ya 2013 iliweka faini ya kuanzia milioni 20 ama kifungo cha maisha kwa anayeua mnyama aliye hatarini kuisha.

Moja ya zile .275 zake haikupotea. Baada ya yeye kufa, mwandishi Mmarekani Robert Ruark, yule wa safari za Kenya, aliinunua London akampa zawadi mtoto mdogo wa mwindaji wake, Harry Selby. Miaka mingi baadaye, kampuni ya Rigby ikainunua tena, na ikarudi London ilikotengenezwa.